Kilo Sabini

Harufu ya klachi inayoungua naijua hata nikiwa nimefumba macho. Inanuka nywele zilizobabuka, inanuka maharage yaliyosahauliwa jikoni, na chini yake kuna uchungu unaoganda kooni. Juzi imenikuta nimekaa mlangoni kwangu hapa Makole, Dodoma, miguu imevimba, nachambua mchele. Dereva mmoja alikuwa anavuta tenki la maji kwa kigari ambacho mimi na wajukuu wangu watatu tusingeenea ndani. Kakwama pale kwenye mwinuko, anakanyaga tu, moshi unatoka.

Nikamuuliza, "Baba, hilo tenki umelipima?"

Akacheka. "Bibi, mambo ya magari utayajulia wapi?"

Nikamwacha. Siku hizi nimechoka, sina nguvu ya kubishana na mtu aliyekaa kwenye moshi wake mwenyewe. Lakini ninyi nitawaeleza. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya kitabuni. Mzigo na gari la kuuvuta, hayo nimefundishwa nikiwa na miaka kumi, na aliyenifundisha hasa si dereva wala fundi. Ni bibi yangu, mama yake baba, naye hata baiskeli hakuwahi kupanda.

Ilikuwa ile miaka ambayo milango ya biashara ilianza kufunguliwa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, nguo za mitumba zimemwagika sokoni, na kila mtu mwenye mikono miwili alitaka kuwa na chake. Mama yangu alikuwa anauza chai na vitumbua karibu na stesheni ya Dodoma, juani, moshi wa kuni machoni. Vumbi la Dodoma mnalijua. Likivuma, kitumbua kinageuka chekundu. Mama alifunika, akapangusa, akafunika tena, na jioni alirudi nyumbani hawezi hata kunyoosha mgongo. Tulipanga vyumba viwili, na mimi usingizi wangu wa kwanza kila siku ulikuwa kusikiliza mama akilalamikia kiuno.

Baba alikuwa mpishi wa kambi huko Gulwe, kwenye kampuni ya kigeni iliyokuja kutengeneza daraja la reli. Kazi ilipoisha, wale wageni walianza kugawa vitu ambavyo hawakutaka kuvibeba. Wengine walipewa magodoro, wengine makoti. Baba akapewa karavani. Ile nyumba ya magurudumu alimokuwa analala msimamizi wao, ina madirisha, ina kijitanda cha kukunja, mapazia ya maua, bati limepauka kama kucha ya mgonjwa. Na ndani yake, jiko. Jiko la chuma la gesi, zito, lenye tanuri la kuokea chini.

Baba aliandika barua, nikamsomea mama. Nilipofika kwenye neno tanuri mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mkate. Nitauza mkate wa moto, nimekaa kivulini." Kisha akaniahidi kwamba mkate wa kwanza ni wangu, mzima, siugawi na mtu. Wiki nzima nililala na mkate huo kichwani.

Sharti lilikuwa moja. Eneo la kambi lilikuwa linakabidhiwa kijijini siku ya Jumamosi, na kitakachokutwa hapo kingekuwa mali ya kijiji. Tukapanda treni mimi na mama. Baba Mdogo Shomari, mdogo wake baba, akatangulia na pikapu yake. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye biashara ya karanga, na alikuwa na maneno kuliko karanga zenyewe. "Hii gari," alikuwa anasema, anaipiga bodi kofi, "hii inavuta hata stesheni."

Fundi wa kambi, mzee mmoja wa Tanga asiyecheka, hakumsikiliza. Alikuwa na mizani kubwa ya kupimia malori ya kokoto. Alituambia tuingie wote kwenye pikapu kama tutakavyosafiri: Baba Mdogo kwenye usukani, baba na mama pembeni, mimi mapajani kwa mama. Akatupima sisi, na karavani nyuma tupu. Akachutama, akasoma kibati kilichopigiliwa mlangoni mwa pikapu, akaandika kwa chaki kwenye tairi ya akiba, akafuta, akaandika tena.

"Sikilizeni. Gari hii ina kiwango chake cha kuvuta, na ina kiwango cha vyote kwa pamoja, vya mbele na vya nyuma. Mmebakiwa na kilo sabini. Sabini tu. Akiongezeka mtu, kipungue kitu."

"Jiko je?" mama akauliza haraka.

"Jiko ni arobaini na tano. Liwekeni hapa, juu ya ekseli, katikati ya magurudumu. Msiweke kitu nyuma. Mkia ukiwa mzito, pua inanyanyuka kwenye ndoano, na hapo karavani ndiyo itawaendesha ninyi."

Baba Mdogo akanong'ona, lakini kwa sauti, "Mzee wa watu anapima hadi pumzi."

Baba hakucheka. Alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa, na jikoni ndiyo maana chakula chake hakikuungua. Wakafunga jiko kwa kamba juu ya ekseli. Zilibaki kilo ishirini na tano, na baba akasema hizo ziachwe, ziwe za Mungu.

Asubuhi ya kuondoka tulipita kumuaga Bibi. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Mlango umefungwa kwa kamba. Jirani akasema kamwona akitoka mapema, labda kaenda shambani. Baba aliumia. Alisimama pale, anaifungua ile kamba na kuifunga tena. "Hata kuniaga," alisema. Kwa miaka mitatu Bibi alikuwa anaomba aje mjini, na kwa miaka mitatu baba alikuwa anamjibu tukipata nafasi. Nafasi yenyewe ni vyumba viwili. Na kila msimu, bila kukosa, Bibi alitutumia kiroba cha mtama na karanga kwa treni, na ujumbe ule ule kwa mdomo wa mtu: kuleni, huku kwangu kipo kingi.

Basi tukaondoka bila kumuaga.

Toka Gulwe hadi Mpwapwa haikuwa mbaya. Baada ya Mpwapwa nikaanza kuona kwenye kioo cha pembeni ile nyumba yetu inayumba. Kulia, kushoto, kulia, kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwa Baba Mdogo, anauzungusha na gari haitii. Mama alinibana kifuani mpaka nikahisi moyo wake mgongoni kwangu.

"Shomari, umeweka nini nyuma?" baba akauliza.

"Upepo huo, kaka."

Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha unyoya.

Kisha kikaja kilima, kabla ya kufika Kongwa. Barabara ya mawe, upande mmoja korongo. Pikapu ikapanda robo, ikapanda nusu, ikaanza kuhema. Hapo ndipo ile harufu ilipoingia. Moshi wa buluu ukapanda kutoka chini ya miguu yetu. Injini ikalia, ikazima, na kwa muda mfupi tukawa hatuendi popote. Halafu tukaanza kurudi nyuma.

Sijui nani alifungua mlango. Nakumbuka baba yupo chini, kabeba jiwe kubwa tumboni kama mjamzito, anakimbia nyuma ya tairi. Mama naye, kanga imemdondoka, anabeba mawe kwa mikono ile ile ya vitumbua. Mimi nilibeba kijiwe kama yai. Nilikiweka, na mpaka leo naamini kilisaidia. Karavani ikakaa, hatua chache kutoka kwenye korongo.

Tukasimama, tunatweta. Mikono ya mama ilikuwa inatoka damu kwenye vidole. Ndipo dirisha la nyuma la karavani likafunguka, pazia la maua likasogezwa, kikatoka kichwa kilichofungwa kitambaa.

"Mbona mmesimama?" Bibi akauliza. "Ndiyo Makole hapa?"

Baba alikaa chini. Alikaa kabisa, barabarani, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mama," akasema. "Mama, umeingiaje humo?"

"Kwa mlango. Ningeingiaje?" Akaniona. "Mke mwenzangu, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Njoo unishike mkono, huyu baba yako anakaa chini badala ya kunisaidia."

Alikuwa ameketi juu ya magunia. Maana magunia yalikuwepo, mawili, yamefunikwa turubai, yamesukumwa nyuma kabisa mlangoni. Karanga za Baba Mdogo. Aliyapakia asubuhi ile ile, baba alipokuwa anamuaga fundi. Bibi alikuwa kashaingia, kajibanza nyuma ya pazia la kitanda, akamwona mwanawe anapakia kwa wizi, na yeye mwizi, akanyamaza. Pembeni yake palikuwa na kibuyu cha maji na kifurushi cha nguo kinachoenea kwapani. Hicho ndicho alichobeba kutoka kwenye nyumba aliyokaa miaka yote.

"Niliambiwa nyumba hii ina kitanda chake," akasema. "Nikaona sitachukua chumba cha mtu."

Baba alitaka kumfokea Baba Mdogo, lakini Baba Mdogo akamuwahi kufoka, kama kawaida ya mtu aliyekosa. "Gari ni yangu! Nirudi tupu kutoka Gulwe, mimi chizi? Hakuna anayerudi mjini na gari tupu! Karanga zina mteja kesho asubuhi." Akafuta jasho. "Tatizo si karanga. Hatukupanga abiria. Mama ashuke hapa, basi la Mpwapwa litapita, arudi. Tutamfuata mwezi ujao."

"Mwezi ujao," Bibi akasema, wala si kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja jina la jirani anayemfahamu sana. Halafu akanyoosha kidole kwenye bodi ya pikapu. "Shomari, ile mizani yako unayopimia watu karanga, unayo?"

"Ninayo."

"Ilete. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara ya pembe, kutoka Tabora mpaka pwani. Na hata mpagazi alipimiwa kabla ya kuambiwa hawezi. Nipimeni na mimi."

Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, ina uso wa duara kama saa na mshale mmoja. Wakaifunga kwenye tawi la mgunga kando ya barabara. Kwanza gunia: themanini. La pili: themanini na mbili. Baba aliinua vidole akihesabu mbele ya uso wa mdogo wake. Kisha wakatandika kanga ya mama, wakaikutanisha ncha, wakaiangika kwenye ndoano.

Bibi hakupanda mara moja. Alivua ndala zake, akazipanga pembeni. Akavua bangili mbili za shaba, zilizotoka bila kuvutwa, akanipa nishike. Akavua na kile kitambaa cha kichwani. Akaketi ndani ya kanga kama mtoto wa kubebwa, akainua miguu, akabana pumzi. Mshale ukatikisika, ukasimama.

"Ngapi?" akauliza.

Mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nasoma tarakimu vizuri na nilitaka kusifiwa. "Thelathini na nne!"

Bibi akapiga makofi huko huko ananing'inia. "Mmesikia? Frasila mbili tu! Mzigo wa mpagazi mmoja. Mimi mwepesi, simzidishii mtu." Alikuwa anajisifu, jamani. Alikuwa anazunguka taratibu kwenye ile kanga, anacheka na mapengo yake, na mimi nacheka naye, nampigia vigelegele.

Mama hakucheka. Alikuwa anautazama ule mshale. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba. Kisha akamtazama baba, na baba akageuza uso akatazama korongo.

Niwaambie jambo ambalo kila mtu wa ukoo wetu alilijua: mama yangu na Bibi hawakupatana. Kwa Bibi chumvi ya mama ilikuwa nyingi na watoto wake wachache, na kwa mama ulimi wa Bibi ulikuwa mrefu. Kwa hiyo nilitegemea mama aseme basi la Mpwapwa lisubiriwe. Badala yake akapanda ndani ya karavani, tukasikia anafungua kamba. Halafu kelele ya chuma kinachoburuzwa. Jiko likatokeza mlangoni, mama nyuma yake analisukuma kwa goti na vile vidole vinavyotoka damu.

"Mama Zena, unafanya nini?" baba akauliza.

"Fundi alisema sabini," mama akajibu. "Arobaini na tano na thelathini na nne ni ngapi? Zinazidi tisa. Tumeona kuzidisha kunafanya nini hapa, tusijaribu tena. Nisaidieni kushusha."

"Hilo ni jiko lako."

"Najua ni la nani."

Nililia. Nililia kama nimefiwa, nikajigaragaza kwenye vumbi, nikamwambia mama muongo. Mkate wangu ulikuwa umo kwenye lile tanuri, mnaelewa? Mama hakunipiga wala hakunibembeleza. Alisema tu, kwa sauti iliyochoka, "Inuka Zena, unachafua gauni."

Baada ya hapo hakuna aliyemwambia Baba Mdogo kitu. Aliyaburuza mwenyewe yale magunia kutoka chini ya mgunga, moja moja, akayalaza kando ya jiko. Palikuwa na mama mmoja wa Kigogo analima shamba la karibu, akakubali kututunzia vitu. Bibi akakaa mbele, mahali pangu, na mimi nikawekwa nyuma ya pikapu, nimeegemea tairi yenye hesabu za chaki. Karavani haikuyumba tena. Tuliingia Makole adhuhuri imeshapita, rangi yetu moja wote, ya vumbi, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushangilia.

Baba Mdogo alirudi wiki ile ile kuchukua vitu. Karanga alizikuta. Jiko hakulileta, alisema kuku walishaingia kwenye tanuri, mmoja kaatamia mayai, na yule mama aliomba asimwamshe. Mama aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuelewa kinachochekesha. Aliuza chai ndani ya karavani kivulini, lakini vitumbua aliendelea kuvipika nje, kwenye mafiga, mgongo umepinda, miaka na miaka. Mkate wangu sikuupata. Na kwa miaka hiyo yote nilikuwa na donge: nilidhani mama alimwogopa mkwewe, kwamba alishusha jiko ili asisemwe kwenye ukoo.

Bibi alilala kwenye kijitanda cha kukunja, na kila asubuhi sahani ya kwanza ilikuwa yake. Mama aliisimamia hiyo sahani kama polisi. Walikuwa wanagombana chumvi, na sahani inaisha. Kila Idi Bibi alimtaka Baba Mdogo alete mizani, watu wa mtaa wanakuja kutazama. Arobaini. Arobaini na sita. Mwaka aliofika hamsini na moja alitembea na bangili zake zimebana, anamwonyesha kila mtu. Baba Mdogo alikuwa anasoma ule mshale kwa sauti kubwa, halafu anakwenda nyuma ya karavani anakaa huko kidogo peke yake. Nilidhani anavuta sigara.

Mpaka nilipozaa, na kulea, na kukosa, ndipo hesabu ilinijia. Ilikuja nikiwa kwenye foleni ya kliniki na mwanangu wa pili, nesi anasoma namba kwenye mizani iliyoning'inia na kunyamaza kwa namna fulani. Mwanamke mzima, mrefu kama Bibi, kilo thelathini na nne. Huku kwangu kipo kingi, alikuwa anasema, na kipo kingi chote kilikuwa kinapanda treni kuja kwetu. Sisi tulikula mtama wake na karanga zake, tukamwambia nafasi haipo. Mama alikuwa anasoma kitu kingine kabisa kwenye ule mshale, na alikisoma yeye peke yake kabla ya watoto wa tumbo la Bibi. Mimi nilisoma tarakimu.

Sasa ni bibi mimi. Nina shamba la mpunga Bahi, nalima kwa magoti haya haya, na kila mavuno nawatumia wanangu kila mmoja gunia lake. Wakipiga simu, "Mama unakula?" nawaambia nimeshiba hadi naogopa. Sitaki kukaa kwa mtu. Sitaki kusikia watoto wanajadili sebuleni mama aende kwa nani, chumba kipi kitolewe nini. Nina jeuri yangu na ninaipenda.

Jumapili binti yangu mkubwa alikuja. Alinisalimia, akanishika mkono, na hakuuachia. Akazungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo cha mkono wangu, vikakutana, vikapitana. Alikwenda kwenye gari, akarudi na mizani, hii ya kisasa ya kukanyaga, akaiweka sakafuni mbele ya miguu yangu.

"Panda, mama."

Nikamwambia subiri kidogo, nafunga mlango wa jikoni. Nikaingia ndani. Nikavaa ndala nzito, nikajifunga kanga ya pili, nikachomeka kiunoni funguo zote za nyumba na simu, na jiwe dogo la kupondea vitunguu. Nikatoka nikapanda, nimeinua kidevu.

Binti yangu hakutazama namba. Aliinama, akaanza kunivua ndala.